Sepetu Nyuma ya Kiti

Abiria wananicheka, Cirimwami.
Wanauliza, wewe ni motari ama mkulima?
Sepetu hii umeifungia nini kwa kamba za mpira
pale wenzako wanapofunga magunia ya makala?
Ninawatajia bei ya kupanda Cimpunda
na kuwasha injini.

Yako umeinunua jana, taa bado ina plastiki.
Basi kaa hapa kwenye jiwe kabla mvula ya Septemba haijafika.
(Ninasema mvula, kama mama. Mvua ni ya redio.)

Mlima wa Bukavu haungurumi kwanza.
Unaanza polepole, kama mpangaji anayetaka kuhama usiku:
mlango wa Mama Ntakwinja, uliofunga vizuri tangu Pasaka,
leo unakwaruza sakafu.
Mkalitusi umeinama kuchungulia paa la jirani.
Chemchemi inatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa.
Ufa ulioingiza kidole Jumatatu
Alhamisi unaingiza mkono.
Ukiona hayo, zunguka. Pitia lami ya chini, poteza mafuta.
Mafuta yako kwenye chupa kila kona;
sijaona kona wanapouza motari.

Penye ule ukuta wa udongo mwekundu, chini ya Funu,
msipite msafara.
Mmoja apite. Mwingine abaki huku, macho juu,
na akiona hata kokoto moja inashuka peke yake
apige honi, asiache.
Ukishavuka usisimame kumshukuru Mungu.
Anasikia hata ukiwa mbele, kwenye duka la misumari.

Na usisimame kuvaa koti la mvula.
Hilo ndilo nilitaka kusema tangu mwanzo.

Kaka yako alisimama.
Najua ulisimuliwa; ulisimuliwa na watu ambao hawakuwepo.
Alikuwa amebeba mwalimu na daftari za mtihani,
akazionea huruma zile daftari.
Pale chini ya ukuta palikuwa pakavu, kama barazani.
Mimi nilikuwa nyuma, mita sitini,
zamu yangu ya kutazama juu.
Nilikuwa natazama simu.

Ilikuwa kama mtu ametua gunia la muhogo,
kisha mwingine ametua lake,
kisha soko lote la Kadutu.
Halafu honi. Honi yake, huko chini ya tope,
imebanwa na kitu, inalia bila kupumzika.
Ndiyo iliyotuonyesha pa kuchimba.

Tulichimba kwa kofia za pikipiki,
kwa sahani za mama muuza sambaza,
kwa ubao wa tangazo la kinyozi.
Watu arobaini, na sepetu hakuna.
Ya kwanza ilitoka parokiani baada ya nusu saa,
karatasi ya bei bado imebandikwa,
na honi ilikuwa imenyamaza.

Mwalimu tulimtoa akihema.
Daftari alizianika wiki nzima kwenye ukuta wa shule,
akazisahihisha.
Sikuwahi kuuliza watoto walipata ngapi.

Sikwambii uache kazi.
Leo nimepanda huko mara kumi na moja,
maana wanaoishi juu nao wanataka kulala kwao,
na hakuna aliyewapa kiwanja Muhumba.
Hata sepetu siyo dawa. Ni nusu saa tu,
nusu saa niliyoitafuta siku ile
kwa kucha.

Kesho shuka Nyamugo, kwa fundi mwenye kibanda cha mabati ya bluu.
Chukua ya mpini mfupi; mrefu utachoma mgongo wa abiria.
Atakutajia bei ya mgeni.
Mwambie wewe ni mdogo wake Murhula,
na umwache atulie kidogo
kabla hujamwomba apunguze.