Ada

Jumamosi, saa nne, Valparaíso.
Mlango wa kikosi umepakwa nyekundu juu ya nyekundu,
na don Nibaldo Oyarzún, aliyekuwa mwokaji mikate,
anatupokea akijifuta mikono kwenye suruali
kana kwamba unga bado haujamtoka.
Kiingilio hakuna, anasema. Kuna kijisanduku tu.
Binti yangu Maite anatumbukiza sarafu,
anategea sikio inavyoanguka.

Hii ndiyo pampu ya kwanza, ilikuja kwa meli,
shaba tupu, wanaume kumi na sita kuisukuma,
wanane huku, wanane kule,
na bado maji yalitoka kwa kusitasita
kama mtu anayeungama.
Hizi ni ndoo za ngozi. Usiguse, zinapukutika.
Na kengele: mapigo mawili, bandarini;
mapigo matano, vilimani;
ikipigwa bila hesabu, basi kila mtu na roho yake.

Anafungua daftari la enzi za babu yake.
Majina, na mbele ya kila jina, kiasi cha fedha.
Mishahara? nauliza.
Anacheka mpaka jino la dhahabu linaonekana.
Ada, mama. Sisi ndio tunaolipa.
Kila mwezi, tangu kale, tunalipa
ili turuhusiwe kuingia
pale ambapo wenyewe wanatoka mbio.
Mshona viatu kalipa. Karani wa forodha kalipa.
Huyu, Evaristo Pizzagalli, alichelewa miezi miwili,
akaandikwa kwa wino mwekundu;
wa tatu ukamkuta chini ya ukuta wa ghala la tumbaku.
Mjane wake alikuja na deni limefungwa kwenye leso.
Wakalikataa. Akaliacha mezani, akaenda zake.
Lipo hapa, chini ya kioo:
sarafu saba, na leso.

Maite amezunguka chumba chote.
Amehesabu kofia, amepima buti kwa mkono wake.
Anarudi na swali:
Na moto wenyewe uko wapi?

Don Nibaldo anajikuna shingo.
Anavuta droo isiyo na kibandiko,
anatoa donge jeusi, zito, la ukubwa wa ngumi.
Vijiko, anasema. Vilikuwa vijiko kumi na viwili.
Vya kilimani, mwaka ule wa upepo,
mikaratusi ilipokuwa inapasuka kama fataki.
Gari halikupanda. Ngazi ni nyembamba mno.
Tuliunga mpira kwa mpira, tukavuta kwa mabega,
na maji yakatuishia ngazi ya mia mbili na sita.

Hanitazami. Hanijui.
Mimi ngazi hizo nilizishuka gizani
na blanketi lililolowa, na mimba ya huyu anayeuliza.
Mlango wetu ulikuwa ngazi ya mia mbili na kumi.
Vijiko si vyetu; vyetu vilikuwa vya mbao,
navyo havikuacha kitu cha kuwekwa kwenye droo.

Nafanya kama nasoma maandishi ukutani.
Moto huzaa jivu, sawa,
lakini jivu nalo lina watoto,
na mmoja wao sasa anataka kuvaa kofia.
Don Nibaldo anamvika yake mwenyewe.
Inammeza hadi kidevuni.
Kutoka ndani, sauti ya kisimani:
Mama, humu kunanukia mkate.

Tunaondoka. Mlangoni nasimama
na kutia sandukuni sarafu nne, moja moja.
Maite anazihesabu kwa masikio.
Nyingi hizo, mama, anasema don Nibaldo,
nikuandikie risiti?
Hapana, nasema. Kisha nasema, ndiyo.
Basi jina, na mahali unapoishi.
Namwomba kalamu, naandika mwenyewe:
jina, kilima, namba ya ngazi
ambayo leo haina mlango.

Anaisoma.
Anatafuta miwani mfukoni, anaivaa,
anaisoma tena.