Tone Kwenye Kioo

Mnunuzi wa zabibu huja Mpunguzi mwezi wa nane,
kidude chake kinaning'inia shingoni kama filimbi ya refa.
Huchuma punje moja, si ile niliyomchagulia,
huiminya, tone likalala kwenye kioo,
kisha hukielekeza juani, jicho moja kalifumba.
Sisi wenye mashamba tunasimama kimya
kama wazazi siku ya matokeo.
"Ishirini na moja," anasema,
nami napumua.
Sukari ikipanda, bei imepanda.
Hesabu yangu yote nilifundishwa hapo.

Kwa hiyo siku ile Perisi wa zahanati aliponitoboa kidole,
tone likanywewa na kijiti, mashine ikalia pii,
akasema, "Baba Ndahani, ishirini na moja,"
nilitabasamu.
Wallahi nilitabasamu.
Nusura niulize bei.

Perisi hakucheka.

Miaka miwili nikapimwa vijiti vilipokuwapo.
Visipokuwapo alinitazama ulimi, akanitazama nyayo,
akaandika kwenye kadi: *anaendelea*.
Kuendelea wapi, hakuandika.
Kwenda mjini ni nauli, na foleni, na kurudi na jioni,
na shamba halijui kwamba nina miadi.

Halafu vikaletwa vile vya kubandika. Kumi.
Cha kwanza alipewa binti wa Mbeleje, wa darasa la sita,
yule aliyekuwa akianguka mstarini asubuhi.
Changu kilikuwa cha nane.
Kiduara cheupe, kikakaa nyuma ya mkono,
mke wangu akakizunguka, akakikagua, akasema,
"Sasa una kupe wa serikali."

Perisi naye alikuwa anajifunza.
Maelekezo kayaweka mezani, kidole kinafuata maneno,
midomo inatikisika kama mtoto anayesoma Injili.
Penye shida alipiga picha, akaituma kwa daktari wa mjini,
tukakaa, mimi na yeye na kuku wa mganga mkuu,
tukingoja simu itetemeke.

Akapitisha simu mkononi mwangu kama anayepiga pasi,
na usiku wangu wote ukatokea pale kwenye skrini.
Ni aibu, nawaambia.
"Hapa, saa nne usiku, ulikula nini?"
"Ugali wa uwele na mlenda."
Akanigeuzia simu. Mstari umepanda kama mgongo wa Mlimwa.
Mlenda gani huo?

Nikakiri.
Zabibu alizozikataa mnunuzi. Nusu ndoo.
Nilizipalilia, nilizinyweshea kwa ndoo, ndege nimewafukuza mimi;
zingeoza.
Nilizila gizani, moja moja,
kama mtu anayejilipa deni.

Perisi hakunigombeza. Akasogeza kidole kulia.
"Na hapa, saa tisa?"
Mstari umetumbukia.
Hapo sikuwa na jibu; alijibu mke wangu:
nililowa jasho, nikaita kwa majina
ng'ombe tuliouza mwaka wa njaa.
Sisi tulidhani ni ndoto.

Basi dozi ya jioni ikapunguzwa.
Insulini inalala chungu ndani ya chungu,
mchanga mbichi katikati,
pale pembeni palipokuwa pa maziwa.
Na ndoo ya makombo anapewa jirani mwenye nguruwe,
kabla ya magharibi, mbele ya mashahidi.

Juzi mnunuzi amekuja. Kaminya, kafumba jicho.
"Kumi na nane. Bado hazijafika."
Akaona mkono wangu. "Na hicho?"
"Mimi pia nina mnunuzi wangu."
"Anataka ngapi?"
"Saba."
Akacheka mpaka filimbi yake ikarukaruka kifuani.
"Saba! Hiyo si zabibu, hiyo ni mbichi!"

"Ndiyo," nikamwambia.
"Huyu anapenda mbichi."