Mkaguzi Namba Kumi na Nne

Mama hakupaka rangi, hakuchoma.
Kazi yake ilikuwa kusikiliza.
Sahani ikishapoa
aliinyanyua kwa vidole vitatu, kama yai,
akaigonga ukingoni kwa kifundo cha kidole.
Nzima husema ngiii, ikaendelea kusema.
Yenye ufa hukohoa tu, ikanyamaza.
Kisha muhuri chini, wino wa buluu: 14.

Miaka hiyo king'ora cha Gofu kiliamsha Ngamiani nzima.
Zamu tatu. Kina baba walirudi na nyusi nyeupe za vumbi,
nasi tukawaamkia kwa utani: shikamoo, babu.
Zilizopinda tuliuziwa sisi kwa bei ya pipi,
kwa hiyo Barabara ya Ishirini yote
mchuzi ulikimbilia upande mmoja.

Shemdolwa, fundi wa tanuri, alichungulia tunduni:
"Bado chungwa la Muheza. Nangoja limau."
Hakuwahi kukosea limau.

Halafu mafuta yakawa ya kukopa.
Spea ya pampu ilingoja fedha za kigeni miezi tisa,
mimba ambayo hakuna aliyeizaa.
Shemdolwa akaamriwa azime kwenye chungwa.
Meneja akapita mezani kwa mama, hata hakukaa:
"Bi Mwanjaa, mwaka huu masikio yapumzike.
Wakubwa wanataka idadi."

Akagonga, ikakohoa. Akapiga muhuri.
Akagonga, ikakohoa. Akapiga muhuri.
Usiku alisugua vidole kwa majivu na ndimu.
Wino ule hautoki.

Kufungwa hakukuwa na tarehe.
Zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa mlinzi na mbwa.
Mshahara wa mwisho ulilipwa kwa masinki;
ya jirani yetu sita yapo uani hadi leo,
kayapanda mchicha.
Wa chuma chakavu wakaja na misumeno,
wakabeba hata bawaba.
Jengo likabaki wazi kama mdomo uliosahau neno.

Jumamosi tulimzika Shemdolwa.
Chai ya tangawizi ikazungushwa kwa wanawake.
Mama akakigeuza kikombe kabla hakijamiminiwa: 14.
Akakigonga, kidogo tu,
kwa kifundo kile kile, sasa kimevimba.
Nilisikia. Nadhani hata mfiwa alisikia.

"Nijazie," akasema.
Akanywa upesi, ya moto vile vile,
kiganja cha pili
amekikinga chini.