Lumbesa ya Machungwa

Sakitu imelala juu ya majani ya viazi,
ukiikanyaga inalia kama chumvi ya mawe.
Julai, Uwemba, jua bado linajikuna nyuma ya misindano,
na Fuso la Mhina limezimwa mbele ya ghala,
turubai limefunuliwa ubavu mmoja.
Harufu imetufikia kabla ya bei.

Machungwa ya Muheza.
Siku mbili njiani. Kitonga, anasema Mhina,
walipanda kwa gia ya kwanza,
utingo akitembea kando na jiwe la kuzuia gurudumu
kama anayemsindikiza mgonjwa.

Hapa hatununui mawili matatu.
Mawili matatu ni ya stendi, ya kisu na pilipili,
ya abiria anayetema mbegu dirishani.
Sisi tumechanga tangu Pentekoste kwenye kopo la maziwa ya unga:
Mama Tulizo, Eveta, mimi, Sekunda mjane,
na mkwe wa Mgaya, aliyejifungua juzi,
aliyemtuma mtoto na noti pindoni mwa kanga
zingali na joto la kitanda.

Elfu sabini gunia.
Nikalizunguka. Nikalipiga kofi la mgongo kama ng'ombe wa mnada.
Limeshonwa mdomo vizuri mno,
limekaa kama karani aliyefunga vifungo mpaka kooni.

"Mhina," nikasema, "mwezi wa nne ulikuja na Fuso hili hili
ukachukua viazi vyangu.
Ukaniambia gunia halijajaa mpaka livae kofia.
Ukashona wavu juu yake, ukadai debe, ukadai debe lingine,
nikauliza lumbesa hii ya nini, ukasema mama, ndiyo biashara.
Haya. Leo chungwa nalo linasikia baridi.
Livishe kofia."

Wenzangu wakacheka, mvuke ukawatoka kama masufuria.
Mhina akaangalia tairi, akaangalia viatu vyake.
"Mama, chungwa si kiazi."
"Kweli si kiazi. Kiazi nakilima nimeinama.
Chungwa lako unalichuma umesimama wima."

Utingo hakungoja jibu la tajiri.
Kijana wa miaka kumi na saba hivi, kandambili,
vidole vya miguu vimepauka kama tangawizi.
Tangu alfajiri alificha mikono kwapani,
na uji wa Sekunda ndio uliomrudishia ulimi.
Akavuta wavu, akatia uzi kwenye sindano ya gunia,
tano, kumi, kumi na tano, ishirini,
na ishirini tena,
wala hakuna mwalimu kati yetu aliyemsahihisha.
Mhina alikuwa anaongea na simu isiyoita.

Nyumbani tukayamwaga mkekani.
Mengine bado kijani, moja limebonyea, limeoza upande wa kovu.
Tukagawa kwa watano, yakabaki mawili yasiyogawanyika.
Tukayala palepale, kipande kwa kipande,
baridi ikatuingia kwenye mizizi ya meno,
na Eveta, ambaye hacheki ovyo,
akajifuta kidevu kwa kiganja akasema:
leo na sisi tumekula lumbesa.

Jioni Fuso likapita likirudi, limeinama nyuma.
Viazi vya Mgaya, viazi vya shamba la kanisa,
na vya nani tena, sikuviona vizuri kwa vumbi.
Utingo juu kabisa, amejifunika turubai, akapunga mkono.
Nilisimama mlangoni na ganda mkononi, nikahesabu.
Magunia sitini.
Kofia sitini.

Maganda nimeyatundika juu ya mafiga.
Yakikauka yanashika moto
upesi kuliko mafuta ya taa.