Lita Kumi na Saba

Daftari lina jalada la bluu, kona zake zimelowa grisi.
Ndani hamna siri, hamna jina la mwanamke:
tarehe, kilomita, lita, bei,
kwa mwandiko wa Eliseo ulioinamia mashariki
kama nyasi zote za Santa Cruz.

Agosti aliandika: kumi na saba kwa mia.
Akapiga mistari miwili chini yake, kalamu ikatoboa karatasi.

Kutoka zizini hadi pampu ya Gregores ni kilomita mia moja na themanini.
Kwenda kununua dizeli tunakula dizeli,
kurudi nayo tunaikula tena,
na upepo wa magharibi, usio na adabu wala likizo,
unatia mkono tangini unachota.
Haba na haba hujaza kibaba, husemwa.
Hapa haba na haba hukausha pipa.

Basi Oktoba, Jumapili, akatandika gunia, akaingia uvunguni.

Matairi yalikuwa laini tangu theluji:
aliyapunguza upepo yapate kushika, kisha akasahau.
Tukajaza kwa pampu ya mguu, yeye akikanyaga, mimi nikisoma geji,
hadi goti lake likalia kuliko pampu.
Chujio la hewa aliligonga ukutani,
likatapika vumbi la safari ya kumzika mama yake.
Vitovu vya magurudumu ya mbele alivifunga Juni, hakuvifungua;
shafti ikazunguka bure miezi yote ile kwenye changarawe kavu
kama mgeni asiyejua kwamba meza imeshafutwa.

Nyuma nikatoa minyororo, jeki ya pili,
na mfuko wa saruji uliogeuka jiwe.
"Huu wa nini?"
"Uzito. Lisiteleze kwenye barafu."
"Barafu ipi, Eliseo? Kondoo wameshazaa."

Hayo yote aliyafanya. Keria akaizunguka mara tatu,
akaenda kunawa mikono.

Keria aliichomelea Lautaro
kwa mabomba ya kumwagilia, maungio manene kama vifundo vya miguu,
wiki moja kabla hajaenda Neuquén, kwenye visima,
kuchimba mafuta haya haya tunayoyabana.
Miaka sita haijabeba kitu ila upepo.
Na upepo ni mzigo: muulize anayeanika shuka.

Nililijua gari kwa mluzi wa keria ile.
Likiwa bado nyuma ya kilima
nilikuwa nimeshabandika birika, yerba iko kibuyuni.

Jumatano, Eliseo akiwa anakata kwato,
nikachukua spana namba kumi na tisa.
Boliti nne. Tatu zilikubali.
Ya nne niliimwagia dizeli, robo kikombe,
nikaliomba daftari radhi,
kisha nikaivunja.

Hakusema neno. Alikwenda Gregores kwa themanini,
hakukanyaga kwa hasira vilimani,
akarudi jioni, nami sikusikia kitu
mpaka aliposimama mlangoni, kofia mkononi, birika baridi.
Kumi na mbili nukta sita, akaandika.
Hakupiga mstari.

Lautaro alipiga simu. Gari linakula ngapi siku hizi?
Babake akamtajia.
Mmefanyaje?
"Upepo wa matairi," akasema, "na mambo madogo madogo."

Keria iko nyuma ya banda; kuku wameifanya kitanda.
Usiku mwingine upepo unaamka, unapuliza mabomba yale,
nami nashuka, miguu inatafuta ndara gizani,
naweka birika motoni
kabla sijamsikia Eliseo akikoroma
pale pale nilipomwacha.