Ada ya Siku Moja

Boti lao la matanga lilitia nanga kati ya Shela na Manda
saa kumi na mbili kasorobo, Alhamisi,
Bi. Barke wa ofisini keshafunga droo.
Nikavushwa hadi ubavuni mwao,
kitabu cha stakabadhi kwenye mfuko wa nailoni.

"Siku moja," akasema nahodha. "Alfajiri twaondoka."
Nikamwambia: mbili.
Jua likishazama, bwana, hii ni Ijumaa.

Akacheka. Akaleta saa, kalenda, daftari la safari,
vyote mashahidi wake.
Wangu alikuwa mmoja, mwadhini,
naye hakuchelewa.

Sheria ndogo yasema "kwa siku".
Haikusema siku ya nani.

Mamangu alikata roho saa tatu,
usiku kama ule.
Cheti cha hospitali kikaandika Alhamisi.
Nyumbani wakasema: ana bahati, kafa Ijumaa.
Kila mwaka tarehe hizo mbili hunipita,
nami sijui nisimame kwenye ipi.

Haya yote sikumwambia.
Nilikaa tu, miguu ndani ya maji ya ngalawani,
kisha nikaandika siku moja, shilingi za siku moja,
na pa tarehe nikampa kalamu ajaze mwenyewe.

Asubuhi Bi. Barke akaigeuza nakala ya kaboni dirishani,
akavua miwani, akaivaa.
Mgeni alikuwa ameandika tarakimu juu ya tarakimu,
akakandamiza.

"Famau, hii ni sita au saba?"

Nikamwambia: ndiyo.