Kanuni ya Kuzimisha

Vizibo ishirini vya soda ndani ya kopo la majarini,
kila kimoja na namba yake kwa rangi ya kucha ya Subilaga.
Dadu yetu halisi ilidondokea mferejini mwaka juzi
na mvua ya Tukuyu haimrudishii mtu kitu.

Chumba cha nyuma, duka la pembejeo la Ambakisye.
Tumekalia mifuko ya mbolea, tumeshiba mbalaga,
ramani imechorwa nyuma ya kalenda ya chama cha ushirika
na msimulizi ni mimi: mto, daraja la mawe, mlinzi, ukungu.

Gwamaka ndiye aliyeanza. Alisema amechoka kuua.
"Nampiga na kitako cha mkuki, kisogoni,
azime tu. Alale, tupite.
Kwani kila tunayekutana naye lazima tumzike?"

Daftari letu lilikuwa na mstari mmoja:
*pumzi ikifika sifuri, amekufa.*
Nikasema basi, atalala saa nzima,
ataamka kichwa kinamgonga.

Hapo Subilaga akaweka kikombe chini.
Yeye hushika zamu ya usiku, wodi ya majeruhi.
"Saa nzima? Nani kakwambia?
Mtu aliyepigwa kisogo akalala saa nzima
haamki akaulizia kofia yake.
Anatapika. Anamwita mkewe kwa jina la dada yake.
Yule wa bodaboda wa Jumanne
mpaka leo kijiko kinamshinda."

Bati likabaki linaongea peke yake.

Tukaandika upya, kwa kalamu ya risiti:
anayetaka kuzimisha aseme kabla hajatia mkono koponi,
kusema baada ya damu ni kujitetea.
Akitoa chini ya tano, mkono umemponyoka, ameua.
Aliyezimisha amlaze mtu wake ubavu,
akae naye zamu tatu, hata kama wenzake wameshavuka,
na kila zamu atoe kizibo kwa niaba yake.
Na kabla hajamwacha, ampe jina.

Hiyo ya jina ilikuwa yangu.
Nakiri, niliitunga kumkomoa Gwamaka.

Sasa safari haiendi.
Tuna majeruhi saba na punda mmoja.
Yupo mnyang'anyi, Anyosisye, wa kunyweshwa uji,
yupo askari, Tumpale, hakumbuki mfalme wake ni yupi.
Hazina imekaa juu ya Rungwe miezi minne inatungoja
na Ambakisye kanuna: alitaka joka, kapata wodi.

Usiku huu ni yule mlinzi wa daraja.
Gwamaka kasema mapema, "Nazimisha."
Kamlaza ubavu, kamkunja goti kama alivyofundishwa.
Zamu ya kwanza, kumi na moja. Ya pili, saba.
Jina bado. Anatafuta.
Nikamwambia, si lazima liwe zuri.
"Najua," akasema,
akatia mkono koponi mara ya tatu

na umeme ukakatika Tukuyu nzima.

Tulisikia vizibo vikigeuka polepole,
kama mtu anayetafuta funguo asiamshe watoto.
Subilaga, kwa mazoea tu, akauliza gizani:
"Anapumua?"

Nina tochi kwenye simu. Sote tunazo.
Hakuna aliyewasha.